Nafasi ya Gorna Rakla

Starovets, Alhamisi, 3 Novemba

Bai Lazar, mzee wangu, shikamoo.

Rangel wa basi anakuletea dawa zako, betri za redio na barua hii. Natumaini kidonda kinaendelea vizuri na hujaanza kuchimba viazi kinyume na amri ya daktari. Nakujua.

Nina shida na diski ya shajara. Jumatatu niliikuta imejaa asilimia hamsini na saba, leo ni sitini na mbili. Nilikuwa kitandani na mafua wiki mbili, na aliyenishikia zamu inaonekana alikuwa akitazama birika la kahawa tu. Aya inayofuata nimeinakili kutoka kwenye ripoti niliyomwandikia mkurugenzi, kwa hiyo inakusemesha kama mtu asiyejua kitu. Nisamehe.

"Kila mchangiaji anayeandikishwa na kila mfuko wa damu unaotoka huingia kwanza kwenye shajara ya seva yetu kuu. Hospitali sita zina nakala ya hifadhidata yetu, na kila nakala husoma shajara hiyo ili ilingane na ya kwetu. Kila moja ina nafasi yake kwenye seva, yaani alama inayosema huyu amesoma mpaka hapa. Seva haitupi ukurasa wowote mpaka wote sita wawe wameusoma. Watano wanasoma kama kawaida. Wa sita, Gorna Rakla, hajasoma kitu tangu tarehe 18 Oktoba, na seva inamwekea kurasa zake zote. Diski ikijaa, seva itasimama, na hospitali zote hazitapata mfuko hata mmoja wa damu kutoka kwetu."

Mkurugenzi alisoma, akauliza kwa nini tusinunue diski nyingine. Nikamwambia sheria inataka zabuni na wauzaji watatu, maana yake ni Januari. Akasema basi tungoje Januari.

Njia fupi ni kuifuta nafasi ya Gorna Rakla. Amri moja, mstari mmoja. Seva itatupa kurasa zao na diski itapumua. Lakini nikifanya hivyo, nakala yao haitaweza tena kuendelea ilipoachia, itabidi ijengwe upya kutoka mwanzo, na kwa ule waya wao wa milimani hesabu yangu inasema siku tisa, ukikatika katikati tunaanza tena. Na theluji iko njiani. Ndiyo maana sijagusa, nakuuliza kwanza.

Halafu jambo lingine. Kwa nini hukuweka kikomo? Seva zote duniani huwekewa kikomo: mtu akilala zaidi ya hapa, mwondoe. Yako haina.

Mwanao,
Zornitsa


Malko Tresavo, Jumatatu, 7 Novemba

Zornitsa mwanangu, marahaba.

Viazi vimeshachimbwa. Daktari alisema nisiinue vitu vizito, nami nimeinua kimoja kimoja.

Usiifute nafasi. Kikomo kilikuwepo, nikakitoa mwenyewe. Januari ya mwaka 2017 waya wa mlimani ulikatika siku kumi na tisa, kikomo kikawatupa nje siku ya sita, bila kuniuliza. Waya uliporudi ilibidi nifute nakala yao niijenge upya, na siku zote hizo hawakuwa na kitu. Wiki ile ile kukawa na mama aliyejifungua na damu haikukatika, njia ya Kupa, ile ya kushukia mjini, imefungwa kwa theluji, na Velika hakuwa na orodha ya watu wa bonde lake wala ya makundi ya damu zao. Alipiga hodi mlango hadi mlango. Alimpata mwoka mikate na walinzi wawili wa msitu, mama akapona. Lakini Velika alitembea kwenye theluji ya magoti kwa saa nne. Niliporudi kwenye seva nikafuta kikomo, nikasema wale nitawangoja, hata wachelewe namna gani.

Pengine humfahamu Velika vizuri. Ni muuguzi mkuu wa Gorna Rakla, mashine ya nakala iko kwenye chumba chake, kati ya kabati la bendeji na dirisha. Tarehe 18 Oktoba umeme ulikatika milimani, nilisikia redioni. Mashine ile ni kongwe, umeme ukirudi haijiwashi. Mtu abonyeze kitufe cha mbele, ahesabu tatu, aachie. Basi. Itaanza kusoma ilipoishia, na kwa kurasa hizo za wiki chache itamaliza ndani ya saa tatu.

Mpigie Velika simu umwambie hivyo. Usimwambie zaidi ya hivyo. Unakumbuka uliniahidi nini hospitalini mwezi wa Agosti.

Nakutumia mitungi miwili ya pilipili za kuchoma. Mmoja ni wa Rangel, usimnyime.

Lazar


Starovets, Alhamisi, 10 Novemba

Bai Lazar,

Asilimia sabini na mbili. Pilipili ni tamu, Rangel kapata mtungi wake na akautazama na wangu.

Nilimpigia Muuguzi Mkuu Velika Jumanne. Nilikuwa na adabu zote alizonifundisha mama. Nikamwambia, kuna kitufe mbele, ubonyeze, uhesabu tatu. Akaniuliza, "Wewe nani?" Nikamwambia mimi ndiye niliyechukua nafasi ya Bai Lazar. Halafu akasema: "Juu ya mashine hii kuna karatasi. Imeandikwa: ASIGUSE MTU, LAZAR ATAPIGA SIMU. Ina muhuri wa duara na sahihi mbili. Wewe sahihi yako iko wapi?"

Nikamwambia, mama, karatasi ile ni ya zamani, mwenyewe keshastaafu. Akasema, "Haijaandikwa mpaka astaafu." Nikamweleza habari ya diski, na hospitali tano nyingine, na theluji. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Kisha akasema: "Naelewa. Lazar apige mwenyewe, saa kumi, kama ilivyo kawaida. Aniambie nibonyeze, nitabonyeza." Akakata.

Nilikaa na simu mkononi kama mjinga. Bai Lazar, mbona hujamwambia yule mama kwamba koo lako limefanyiwa operesheni na sauti imekwenda? Yeye anadhani una simu na umekaa tu. Nilikuapia sitamwambia mtu, nami sikumwambia, lakini niliona aibu. Nilimwongopea kwa kunyamaza, na nadhani alisikia.

Kama huwezi kupiga, mwandikie. Ujumbe mfupi wa simu, mistari miwili. Nina siku kumi na tano, pungufu ya hapo kama ninataka kulala usingizi.

Zornitsa


Malko Tresavo, Alhamisi, 10 Novemba

Zornitsa,

Rangel ameshawasha injini na anapiga honi, kwa hiyo kwa ufupi.

Ujumbe wa simu hapana. Mtu niliyemsemesha kila siku kwa miaka minane siwezi kumwandikia kwa kidole gumba.

Nenda kwa mkurugenzi. Aandike karatasi mpya inayofuta ile ya kwanza, na muhuri wa duara, siyo ule wa pembe nne, wa pembe nne ni wa stoo na hakuna anayeuheshimu. Itume kwa posta ya haraka. Velika ni mtu wa utaratibu, atatii karatasi.

Na kiapo ni kiapo.

Lazar


Gorna Rakla, Jumatatu, 14 Novemba

Kwa Bi. Zornitsa, Kituo cha Damu, Starovets.

Karatasi ya mkurugenzi wenu imefika. Muhuri nimeukagua, ni wa duara. Nimeibandika chini ya ile ya kwanza. Sasa nina karatasi mbili juu ya mashine moja, ya juu inasema nisiguse na ya chini inasema niguse, na mashine iko vile vile, taa yake ya kijani imezimika.

Wewe ni msichana mwenye adabu, nitakueleza ili usidhani mimi ni mwehu. Mwaka 2014 mashine hii ilizimika na mimi ndiye niliyebonyeza. Nilibonyeza, ikawaka, nikadhani haijawaka, nikabonyeza tena, nikaizima katikati ya kazi yake. Kila kitu kiliharibika ndani. Lazar alikuja na basi la Ijumaa, akakaa humu wiki mbili akiitengeneza, akilala kwenye kitanda cha wagonjwa. Hakunigombeza hata neno moja. Ningefurahi angenigombeza. Siku ya kuondoka akabandika karatasi, akasema, Velika, wewe usiguse, mimi nitakupigia kila siku saa kumi, utaniambia kama taa inawaka.

Akapiga. Miaka minane, saa kumi, hata siku aliyomzika kaka yake. Taa inawaka? Inawaka. Halafu tulikuwa tunazungumza. Yeye mambo ya mashine, mimi mambo ya watu. Sijaolewa, naye mkewe alifariki zamani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutuuliza mnaongea nini.

Tarehe 9 Agosti hakupiga. Nikasema labda ana kazi. Tarehe 10 hakupiga. Nilipiga mimi, mara nne, simu ikaita mpaka ikakata. Septemba nikasikia kwa dereva wa dawa kwamba amestaafu. Kwa dereva wa dawa, Bi. Zornitsa. Taa ilipozimika Oktoba nilifurahi kidogo, nakwambia kweli, nikasema sasa itabidi apige.

Siogopi kitufe. Naogopa kuharibu tena kitu alichokitengeneza, na pia nimekasirika, yote mawili. Njia ya Kupa bado iko wazi na gari la wagonjwa linashuka, hakuna mgonjwa wangu anayeumia kwa ajili ya taa hii. Theluji ikianguka nitabonyeza mwenyewe. Kabla ya hapo, kama Lazar amenichoka, aje aniambie kwa mdomo wake.

Velika Stamboleva
Muuguzi Mkuu


Starovets, Alhamisi, 17 Novemba

Bai Lazar,

Asilimia themanini na tatu. Humu ndani nimeweka barua ya Velika. Imeandikwa kwangu, na sijui kama ni haki kukuonyesha, lakini nimechoka kubeba mambo ya watu wazima wawili peke yangu. Isome kwanza, ndipo uendelee na yangu.

Umeisoma?

Sasa nisikilize, na usinijibu kwa habari za mihuri. Ulinifundisha kwamba nafasi iliyolala si kosa. Mtu anaweza kulala, waya unaweza kukatika, tunamngoja. Kosa ni kumngoja bila kuuliza yuko wapi. Maneno yako hayo, uliyaandika ubaoni, yapo bado, msafishaji anaogopa kuyafuta. Haya, nimeuliza. Nimejua yuko wapi na kwa nini kalala. Anayemlaza ni wewe.

Nimejaribu kila mlango. Niliomba kwenda mwenyewe Gorna Rakla, mkurugenzi akasema sina wa kunishikia zamu, na mara ya mwisho nilipoacha mtu tumeona. Nikaomba fundi wa hospitali yao, akasema hagusi kitu cha Velika. Nikahamisha vitu vyote nilivyoweza kutoka kwenye diski, nimepata siku moja na nusu.

Ijumaa ya tarehe 25 wafanyakazi wa kiwanda cha nguo wanakuja kuchangia, watu mia tatu na ishirini kwa siku moja. Shajara itavimba. Siwezi kuingia siku hiyo na diski imejaa. Kwa hiyo nimeamua hivi: Alhamisi, tarehe 24, saa sita kamili mchana, kama Gorna Rakla bado imelala, naifuta nafasi yao. Kuna hospitali tano zinazosoma kila dakika na watu wamelala kwenye meza za upasuaji wanasubiri damu. Sitawasimamisha kwa ajili ya simu ya saa kumi.

Sikuandikii kwa hasira. Nakupenda kama baba yangu mdogo, na yeye pia namwambia ukweli.

Zornitsa


Malko Tresavo, Jumatatu, 21 Novemba

Zornitsa mwanangu,

Nimeisoma barua ya Velika mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Tarehe 9 Agosti nilikuwa mezani kwa daktari. Nilijua siku ile inakuja, nilikuwa na wiki nzima ya kumwambia, na kila saa kumi nilisema kesho. Daktari alikuwa ameniambia huenda sauti ikabaki kidogo. Nikasema nikibakiwa na kidogo nitampigia nimchekeshe kwa hicho kidogo. Haikubaki. Simu ilipoita tarehe 10 niliiona, jina lake liko pale, na sikuwa na la kumwambia. Ningepokea angesikia pumzi tu inapita shingoni. Yule ni muuguzi, angejua papo hapo, na angeanza kunihurumia. Mimi naweza kuvumilia mambo mengi, Velika kunihurumia siwezi. Afadhali anikasirikie. Ndivyo nilivyofikiri, na sasa nimesoma kwamba alifurahi taa ilipozimika, na nimejiona mtu mdogo sana.

Nimeanza barua kwake mara sita. Zote zimeishia kwenye jiko.

Basi la mlimani hupanda Ijumaa tu, linafika Gorna Rakla saa nane. Nitapanda Ijumaa hii. Nitabonyeza kitufe mwenyewe, nitasubiri zile saa tatu mpaka imalize kusoma, na nitashuka na basi hilo hilo la jioni. Nitavaa skafu uliyoniletea, nitaonyesha kwa mkono kwamba nina mafua makali na koo linauma. Atanuna lakini atapata orodha yake kabla ya theluji, na wewe utapata diski yako. Sitaki zaidi ya hapo.

Nakuomba siku moja tu. Usifute Alhamisi. Ningoje mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kwenye foleni ya kiwanda unaweza kuwaandikisha kwa karatasi asubuhi na kuingiza jioni, tulifanya hivyo mwaka wa mafuriko. Kwa hesabu yangu Alhamisi diski itakuwa asilimia tisini na nne; hapo haijazama bado, inaogelea.

Siku moja, mwanangu.

Lazar


Starovets, Alhamisi, 24 Novemba, saa tisa alasiri

Bai Lazar,

Nimeifuta.

Nilingoja barua yako Jumatatu jioni, Rangel hakufika. Jumanne nikaenda kituo cha basi, wakaniambia gia imekufa njiani na basi liko karakana ya kijiji cha tatu kutoka kwako, na Rangel amelala kwa shemeji yake akingoja kipuri. Leo asubuhi nikaenda tena. Hakuna. Simu yako ya mkononi umeizima tangu Agosti, na ya mezani niliipiga nikijua haina maana. Iliita, nikakata, nikaona haya.

Saa tano na nusu diski ilikuwa tisini na nne na nusu. Nilifungua orodha ya nafasi zote, nikazisoma moja moja kwa sauti, tano zinafanya kazi, moja haifanyi. Nilihakikisha jina mara tatu, maana ukikosea jina umeua mwingine. Nikaandika ule mstari. Nikakaa mpaka saa sita kamili, kwa sababu nilikuwa nimekuahidi saa sita. Nikabonyeza.

Nilitegemea nitasikia kitu. Hakuna. Baada ya dakika chache seva ilianza kutupa kurasa, asilimia themanini, sitini, thelathini na tano. Kurasa zote ulizowawekea zimekwenda. Kesho kiwanda kitakuja na sina wasiwasi, na nimelia chooni, msichana wa maabara akanipa chai.

Pia nimeweka kikomo. Najua utasema nini. Lakini nimeweka na kengele: nakala yoyote ikilala saa moja, inapiga simu kwangu na kwa hospitali yenyewe, kwa watu wawili kila upande. Hakuna tena kitu kinachoning'inia kwa mtu mmoja na karatasi yake.

Zornitsa

Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Barua yako imefika sasa hivi, imeletwa na dereva wa magari ya maziwa. Siku moja. Nimepiga simu Gorna Rakla. Muuguzi wa zamu akasema kuna mzee amevaa skafu amekaa mbele ya mashine, taa ya kijani inawaka lakini mzee hana furaha, na Velika yuko wodini anazalisha. Nimemwambia akuandikie hivi kwenye karatasi: nafasi haipo, nimeifuta jana, nimekufungulia mpya, nakala nzima, siku tisa. Na samahani. Sijui kama aliandika samahani. Barua hii naituma huko huko na gari la mikate.


Gorna Rakla, Jumatatu, 5 Desemba

Zornitsa mwanangu,

Kwanza kazi. Nakala imekamilika jana saa mbili usiku. Waya ulikatika mara moja, siku ya pili, nikaanza upya, ndiyo maana nimefika tarehe hii wakati mwezi umegeuka. Sasa Gorna Rakla inasoma kwenye nafasi yake mpya, sekunde mbili nyuma yako. Theluji imeanguka leo alfajiri, njia ya Kupa imefungwa saa nne asubuhi. Sitashuka mpaka waifungue. Kikomo chako nimekiona. Ni sahihi. Kengele ni sahihi zaidi. Ile karatasi yangu nimeibandua, imeacha alama nyeupe kwenye bati.

Muuguzi wa zamu aliandika samahani. Aliandika kwa herufi kubwa kuliko maneno mengine.

Uliniuliza kimoyomoyo kama nimekasirika. Siku ile ya Ijumaa nilikasirika, ndiyo. Nilibonyeza kitufe, nikahesabu tatu, taa ikawaka, nikafungua nione inasoma, nikakuta imeandikwa kwamba nafasi ninayoitafuta haipo. Nilikaa pale nikiwa nimekata tamaa kabisa. Halafu Velika akatoka wodini na mikono yake bado ina maji, akaniona.

Nilionyesha koo, nikaonyesha skafu, nikakohoa kama nilivyopanga. Akasema, "Una mafua." Nikakubali kwa kichwa. Akasema, "Miezi mitatu ya mafua." Nikatazama mashine. Nikachukua karatasi nikamwandikia kwamba nakala imepotea, inahitaji siku tisa na mtu wa kukaa nayo, na kwamba kabla sijaifuta ile ya zamani tunakili kwa mkono watu wa bonde, ili asikae bila orodha. Alisoma, akavuta kiti. Yeye alikuwa anasoma jina na kundi, mimi naandika. Watu mia mbili na kumi na wanne. Hakuniuliza kitu kingine jioni ile. Akanipa kitanda kile kile cha mwaka 2014, bado kinalia.

Sasa nikwambie jambo, na ulitunze. Ungenisubiri ile siku moja niliyokuomba, mashine ingemaliza kurasa zake saa kumi na moja jioni, nami ningepanda basi na skafu yangu shingoni na Velika asingejua mpaka leo. Ningemrudishia taa yake, nikaondoka na uongo wangu. Nilikuwa nimeshapima mpaka dakika. Wewe ukafuta, nikalazimika kubaki. Mtu anaweza kuvaa skafu saa tatu. Siku tisa, mezani kwa mtu, ndani, jiko likiwaka, hawezi.

Jumapili, siku ya tatu, alipika supu ya maharage. Nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye kope. Aliweka kijiko chini, akasema, "Lazar, vua hiyo kitu au nitaikata kwa mkasi." Nikavua.

Alisogea. Aliniinua kidevu kwa vidole viwili, akatazama lile tundu la shingoni ninalopumulia muda mrefu, kama anavyotazama kidonda cha mtu yeyote. Nilingoja ile huruma niliyoikimbia tangu Agosti. Akaniuliza, "Nani anakusafishia hapa?" Nikaandika: mimi mwenyewe, kwa kioo cha kunyolea. Akasema ninasafisha vibaya sana, akaenda kuchemsha maji.

Lazar